Msiisifu Ile Fimbo

Picha bado ninayo kwenye simu. Noah nyeupe imesimama kando ya barabara ya vumbi, mlango wake wa nyuma umeinuliwa juu, na kati ya mlango na bampa imesimikwa fimbo ya mkoko, nene kama mpini wa jembe. Chini ya mlango kuna magunia mawili ya ufuta, ndoo za pweza, na mkono wa mtu unaoingia kwenye picha kutoka kushoto, umeshika ndoo. Niliipiga Pande, wilayani Kilwa, msimu wa ufuta. Niliporudi chuoni Dar es Salaam niliiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa insha yangu ya semina, insha iliyosifu "ubunifu wa papo kwa papo katika usafiri wa vijijini". Nilipata A. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu: picha nzuri sana.

Ule mkono ni wa shangazi yangu.

Wiki sita baada ya picha, gari lilelile, fimbo ileile. Ulikuwa upepo wa kusi, ambao mwezi wa nane hauna adabu. Uliuinua mlango kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole. Fimbo ikakosa pa kushika, ikaanguka. Kisha upepo ukatulia na mlango ukashuka. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa buti kwa mkono wa kushoto, anavuta ndoo kwa mkono wa kulia. Kidole cha kati na cha pete vilivunjika. Vimeunga, lakini havikunji. Na muuza pweza anahitaji vidole: vya kumshika pweza anayeteleza, vya kumpigapiga alainike, vya kumkata, vya kuhesabu chenji huku anaongea na mteja mwingine. Siku hizi chenji anahesabu binti yake.

Nilipompigia kumpa pole, aliniambia, "Ajali tu, mwanangu. Kazi ya Mungu." Simbishii shangazi yangu habari za Mungu. Ninachobishia hapa ni neno "ajali", na neno jingine nililolitumia mimi mwenyewe kwa kiburi cha msomi: "ubunifu".

Fimbo ile haina ubunifu wowote. Ni njia ya kuhamisha gharama kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa yeyote anayesimama chini ya mlango. Na sisi tunaopiga picha na kuandika insha tunamsaidia kuihamisha.

Nianze na kifaa chenyewe, maana hapa ndipo waandishi wa insha huwa tunaruka.

Gari lile lilipotoka kiwandani halikuwa na fimbo. Lilikuwa na shokapu mbili za mlango, moja kila upande: silinda nyembamba nyeusi yenye shafti inayong'aa, inayoingia na kutoka. Ndani mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na mafuta kidogo. Gesi inaisukuma shafti nje muda wote, na msukumo huo ndio unaoubeba mlango. Nguvu yake inapimwa kwa nyutoni, na mara nyingi imeandikwa ubavuni mwa silinda pamoja na herufi N. Ukiona 400N, ujue shafti ile inasukuma kwa nguvu inayotosha kuinua kama kilo 40. Shafti ya kipenyo cha milimita 8 ina eneo la milimita za mraba 50 tu, kwa hiyo ili nguvu ifike hapo, gesi ya ndani inabidi iwe na mgandamizo wa takriban baa 80. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kidogo. Ndiyo maana shokapu hizi hazitobolewi, hazichomwi moto wala hazichomelewi, hata kama fundi anakuahidi atazijaza upya.

Wala si anasa mpya. Kampuni ya Stabilus ya Koblenz, Ujerumani, ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu zetu walikuwa bado vijana.

Shokapu haifi ghafla. Kinachochoka kwanza ni sili, ule mpira mdogo unaoizuia gesi isitoke pale shafti inapopita. Noah zetu zinatua bandarini kutoka Japani zikiwa tayari zimetumika miaka kumi na zaidi. Zikifika kwetu zinakutana na vumbi linalonata kwenye shafti yenye mafuta na kuisugua sili kama msasa, kisha zinakutana na chumvi: hewa ya bahari, na maji ya barafu yanayochuruzika kwenye ndoo za samaki. Shafti ikishaota kutu, kila mlango unapofunguliwa kutu inaitafuna sili.

Dalili zinajulikana. Kwanza mlango unapanda polepole. Baadaye unaishia usawa wa kichwa, haufiki juu. Kisha unakuja wakati ambapo mchana wa jua unakaa lakini alfajiri haukai, kwa sababu gesi ikipoa nguvu yake hupungua. Hiyo ni miezi. Kwa miezi yote hiyo mlango unatoa taarifa kila siku, na kila siku taarifa inapokelewa na mtu mwenye kichwa au mkono chini yake. Sasa hiyo ni ajali ya namna gani, inayopiga hodi miezi mizima?

Nilimuuliza dereva. Ni kijana mwenzangu, tumepishana miaka michache, na hakunikwepa. "Kaka, mimi naleta hesabu," alisema. Msomaji wa mjini anaifahamu hesabu: kiasi ambacho dereva lazima amkabidhi tajiri mwenye gari kila jioni, kinachobaki ndicho chake. Gari likiharibika, kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Klachi ikifa, gari halitembei, hesabu haiji, kwa hiyo tajiri anatuma pesa kwa simu siku hiyohiyo. Shokapu ya mlango ikifa, gari linatembea na hesabu inakuja. Tajiri hana haraka. Dereva naye akizibadilisha, anazibadilisha kwa chakula cha watoto wake. Kwa hiyo anashuka, anakata mti.

Mwezi wa ajali ya shangazi, gari lile lilibadilishiwa klachi na tairi mbili za nyuma. Lilipata pia spika mpya.

Kinachosimamisha gari kinatengenezwa leo. Kinachosimamisha mkono wa abiria kinasubiri. Fimbo imesimama katikati ya sentensi hizo mbili, na ubora wake mkubwa, kwa upande wa tajiri, ni kwamba ni ya bure. Nimesoma maandiko mengi yanayousifu ubunifu wa dereva aliyeikata. Sijawahi kusoma hata moja linalomtaja tajiri aliyegundua kwamba hahitaji kununua kitu.

Sasa nije kwetu sisi tunaosoma. Tuna kamusi nzima ya kusifia vitu vya namna hii. Wahindi wana neno *jugaad*, na limeandikiwa vitabu vya kufundishia mameneja. Wakenya wana *jua kali*, ambalo leo linatamkwa kama nembo ya fahari, ingawa maneno yenyewe yanasema jambo la wazi kabisa: kuna watu wanafanya kazi bila paa. Sisi tuna "Bongo", kwamba huku mtu anaishi kwa akili. Katika insha yangu nilizipanga sifa hizo zote. Sikuandika mahali popote mlango una uzito gani. Sikumuuliza konda kovu la utosini alilipata wapi. Nilimuuliza baadaye, akacheka, akaunyooshea kidole mlango.

Watu wa Kusini tunaijua sifa hii kuliko wengine. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na mvua zikikolea, safari ya Lindi ilikuwa kungoja. Tulisifiwa uvumilivu. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu huko Somanga na watu wakakwama njiani kwa siku kadhaa, nikaziona tena sifa zilezile kwenye kundi letu la WhatsApp: watu wa Kusini wavumilivu sana. Ukimsifu mtu kwa kuvumilia jambo, umeshamwambia kwa adabu kwamba jambo lenyewe litaendelea.

Nazijua hoja za upande wa pili, kwa sababu nilizitetea mwenyewe darasani.

Hoja ya kwanza ni umaskini: pesa hakuna. Jozi mpya ya shokapu za mlango, za Kichina, niliambiwa shilingi 60,000 pale Gerezani, Kariakoo. Sisemi ni pesa ndogo kwa shangazi. Lakini gari si la shangazi. Ni la mtu aliyeweza kununua Noah, kuilipia bandarini, na kuiwekea spika. Tunaposema "umaskini" pale, tunauchukua umaskini wa abiria na kumvika mwenye gari ili ajifunike nao.

Hoja ya pili ni barabara: utahangaika na mlango wakati ukiiacha lami tu ni makorongo na vumbi mpaka Pande? Barabara ni kweli, na ni ya serikali, na ina safari yake ndefu. Mlango hauhitaji bajeti ya taifa. Hoja hii huwa inatumika hivi: jambo kubwa linaletwa mezani ili jambo dogo lisifanyike, kisha hata kubwa halifanyiki.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na alinipa mwanafunzi mwenzangu anayejua magari. Alisema: boneti za magari mengi zina fimbo, na imetoka kiwandani. Mbona hiyo huilaani?

Ana haki. Nilikaa na hoja hiyo siku mbili. Kisha nikaenda kuitazama fimbo ya boneti. Mwisho wake mmoja umefungwa kwenye mwili wa gari, haung'oki. Mwisho wa pili unaingia kwenye tundu lililotengenezwa kwa ajili yake. Upepo ukiitikisa boneti, fimbo inabaki na boneti. Kumbe kosa la fimbo ya mkoko haliko kwenye kuwa fimbo, wala kwenye kutoka porini. Kosa ni kwamba haijashikwa popote. Inakaa kwa sababu mlango unaikandamiza, na mlango ukiacha kuikandamiza kwa nusu sekunde, imeondoka.

Hoja hiyo iliniondolea kisingizio changu cha mwisho, maana ina maana hata bila shokapu jibu lilikuwepo. Mchomeleaji yeyote wa Kilwa Masoko anaweza kuchukua bomba mbili, moja iingie ndani ya nyingine, azitoboe tundu moja, aweke pini, na achomelee bawaba ndogo juu na chini. Mlango ukifunguliwa, bomba zinarefuka. Unatia pini. Upepo wa kusi na uje. Hiyo ningeiita ubunifu kwa moyo wote, na fundi wake ningempiga picha akitaka. Kipimo changu siku hizi ni kifupi: kitu hiki kikishindwa, anaumia nani? Kama anayeumia ni yuleyule aliyeamua kisitengenezwe, basi amejibunia. Kama ni mtu mwingine, tutafute neno jingine.

Desemba nilirudi Pande na jozi ya shokapu kwenye begi. Niseme na ujinga wangu, maana nao ni sehemu ya hoja. Nilinunua kwa macho. Muuzaji aliuliza, "Noah?" Nikasema Noah. Akanipa zenye nguvu zaidi dukani, nami nikafurahi, nikidhani nguvu nyingi ni usalama mwingi. Tulipozifunga, mlango uliruka juu kama umetekenywa, na kuufunga ilibidi konda auning'inie. Shokapu iliyozidi nguvu inapinda bawaba na kuukunja mlango taratibu. Shangazi, ambaye ni mfupi, alisimama chini yake akiwa amenyoosha mkono mzima hewani bila kuufikia. Akanitazama. Hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Njia ya kupima niliipata kwa watu ambao sikuwatarajia. Marekani kuna vitrela vidogo vya kulalia vyenye umbo la tone la machozi. Vilipata umaarufu tangu miaka ya 1930. Ndani ni kitanda tu. Jiko liko nyuma, nje, chini ya mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu kama wa Noah, na mwenye trela anasimama chini yake kukaanga mayai. Wengi hujitengenezea vitrela hivyo wenyewe nyumbani, na wakifika kwenye mlango ule hawakisii. Wanapima uzito wake, wanapima umbali kutoka kwenye bawaba, wanapiga hesabu, ndipo wananunua shokapu. Ni watu waliokwenda kupumzika, lakini hawataki kupumzika chini ya mlango ambao hawajaupima. Niliona wivu, na sikuuona wa pesa zao. Niliona wivu kwamba hakuna mtu anayewaandikia insha ya kuwapongeza pindi mlango unapowaangukia.

Basi tukapima. Shangazi ana mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Tuliziondoa shokapu, tukaulaza mlango usawa wa ardhi, tukaufunga ukingo wake kwenye ndoano ya mizani, na konda akaishika mizani kutoka juu. Ikasoma kilo 16. Kutoka kwenye bawaba hadi ukingoni ni mita 1.1. Kilo 16 mara 9.8 mara 1.1 ni kama 172, na hiyo ndiyo nguvu ya mlango ya kujizungusha kurudi chini, kwa nyutoni-mita. Mstari wa msukumo wa shokapu, mlango ukiwa katika hali ile, unapita sentimita 22 kutoka kwenye bawaba. Gawanya 172 kwa 0.22, unapata kama nyutoni 784 kwa shokapu zote mbili, yaani 392 kila moja. Ukiongeza kidogo kwa ajili ya upepo na uchakavu, 450 zinatosha. Nilizokuwa nimeleta zilikuwa za 600. Hesabu yote ilituchukua dakika ishirini, na aliyeelewa haraka zaidi ni shangazi, kwa sababu ndiye anayeijua mizani.

Tulizibadilishia dukani Dar es Salaam kwa kumtuma konda wa basi. Zilifungwa silinda ikiwa juu na shafti ikielekea chini pale mlango unapofungwa, ili mafuta ya ndani yaikalie sili na kuilowesha. Nusu ya bei nililipa mimi. Nusu dereva aliikata kwenye hesabu ya siku mbili, na jioni ya siku ya kwanza tajiri alipiga simu kuuliza nani ameruhusu. Dereva aliiweka simu kwenye spika. Shangazi akaomba kuongea. "Shikamoo yako sitaki, mwanangu," alisema kwa upole kabisa. "Niambie tu, vidole vyangu nani aliviruhusu?" Kulikuwa na kimya, kisha tajiri akasema tutaongea, akakata. Hajapiga tena kuhusu jambo hilo. Hesabu ya siku zile mbili hakuidai.

Najua kwamba kwa kulipa nusu yangu, nami nimembebea tajiri mzigo ambao ni wake. Najua pia kwamba Noah moja yenye shokapu nzima si mapinduzi. Hizi nazo zitachoka, maana ndivyo zilivyo, na dereva hajaitupa fimbo. Iko chini ya siti. Siku sili itakapoanza kuvuja, mkono wake utaifikia kabla haujaifikia simu ya tajiri, na simlaumu. Ndiyo maana siongei naye. Naongea na sisi wa kamera. Ukiiona fimbo kama ile, kabla hujapiga picha muulize konda namba ya mwenye gari. Mpigie. Mwambie umeona nini, na mlango una uzito gani. Sentensi hiyo moja inafanya kazi kuliko insha yangu yote ya kurasa kumi na mbili.

Insha ile, kwa taarifa yenu, nilimwomba mhadhiri aniruhusu niiandike upya. Akasema alama zimeshaingizwa kwenye mfumo.

Shangazi anaendelea na pweza wake. Tumemfungia kamba fupi kwenye mpini wa mlango ili aweze kuuvuta chini bila kumwita mtu. Shokapu ni nzima, mlango unakaa juu hata kusi ikivuma. Lakini kila anapotaka kuvuta ndoo, anasimama kwanza nje ya kivuli cha mlango na kutazama juu, kisha ndipo anaingiza mkono.